Mkanda si wa polisi: mambo ya kukagua kabla ya kupanda au kununua gari lililotumika

Asubuhi moja nilipanda gari la abiria Gitega, nikielekea Muyinga kupitia Karusi. Lilikuwa Probox kama zile unazoziona kila siku kwenye barabara hiyo. Niliketi mbele, nikavuta mkanda, nikatafuta mahali pa kuuchomeka. Sikupaona. Kifungio kilikuwa kimefichwa chini ya kitambaa kipya cha kiti, na kitambaa chenyewe kilikuwa kimeshonwa kabisa. Nilipomwuliza dereva, alitabasamu akanijibu kwa upole: “Dada, huo mkanda ni wa polisi. Uweke tu begani, tukishawapita unauacha.”

Dereva yule hakuwa mtu mbaya. Alisema jambo ambalo wengi wetu tunaliamini bila kulitamka: kwamba mkanda ni wa kuepuka faini. Makala haya yanaeleza kwa nini imani hiyo inaua, na nini unaweza kufanya wewe unayetoka kambi ya Kinama kwenda soko la Muyinga, wewe uliyerudi kutoka Tanzania kupitia Kobero na sasa unatafuta gari la biashara, au wewe mwenyeji unayempeleka mgonjwa hospitali Gitega.

Kwa ufupi

- Mkanda ndio kinga ya kwanza. Mfuko wa hewa unausaidia mkanda, hauchukui nafasi yake.
- Katika gari lililotumika, mfuko wa hewa unaweza kuwa haupo, umekufa, au umekuwa hatari wenyewe. Kuutazama tu kwa nje hakutoshi.
- Mtoto asiketi mbele, wala asipakatwe mbele.
- Mkanda mmoja ni wa mtu mmoja.
- Kabla ya kulipa pesa ya gari, kagua mikanda yote na taa ya SRS. Ukaguzi huo unachukua dakika kumi.

Kwa nini tuanze na mkanda?

Gari linapogonga kitu, gari ndilo linalosimama. Mwili wako hausimami. Unaendelea kwenda mbele kwa mwendo uleule uliokuwa nao, mpaka kitu kiuzuie: usukani, kioo, kiti cha mbele, au mkanda. Kugonga ukuta kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani kama kutoka ghorofa ya tatu. Hakuna mikono inayoweza kujizuia hapo, hata kama ni ya mtu mwenye nguvu za kubeba magunia.

Mkanda hufanya kazi mbili. Unakushika, halafu unagawa uzito wa pigo kwenye mifupa yenye nguvu: nyonga, kifua na bega. Mkanda wa sehemu tatu tunaoutumia leo ulibuniwa mwaka 1959 na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo ya Sweden, na kampuni hiyo iliwaruhusu watengenezaji wengine kuutumia. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kufunga mkanda kunapunguza hatari ya kufa kwa dereva na abiria wa mbele kwa asilimia 45 hadi 50, na kwa abiria wa nyuma kwa asilimia 25. Shirika hilo linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani duniani kila mwaka, na kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29.

Tumezoea kusema “ajali haina kinga”. Ni kweli kwamba huwezi kujua lori litakatika breki lini kwenye mteremko. Lakini unaweza kujua mapema ni kitu gani kitakachokushika siku hiyo.

Mfuko wa hewa hufanya nini hasa?

Mfuko wa hewa, ambao mafundi wengi huuita eabegi, umekunjwa ndani ya usukani na ndani ya dashibodi mbele ya abiria. Baadhi ya magari yana mingine pembeni mwa viti. Gari linapogonga kwa nguvu, vihisi hutuma ishara, kifaa kidogo chenye kemikali huwaka, na gesi hujaza mfuko. Yote hayo hutokea kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mfuko hutoka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa saa, kisha hunywea mara moja ili kichwa chako kitue taratibu.

Hapo ndipo penye siri ambayo wengi hawaijui. Mfuko umetengenezwa ukitarajia kumkuta mtu aliyefunga mkanda na aliyeketi mbali kidogo. Asiyefunga mkanda hurushwa mbele dereva anapokanyaga breki, na mfuko unapotoka humkuta tayari uso wake uko juu ya dashibodi. Hapo kinga hugeuka kuwa pigo. Ndiyo sababu herufi SRS zilizoandikwa kwenye usukani maana yake ni mfumo wa nyongeza. Ni nyongeza ya mkanda.

Dereva anatakiwa kuacha angalau sentimita 25 kati ya kifua chake na katikati ya usukani. Abiria wa mbele asogeze kiti nyuma kadiri inavyowezekana, na asiweke miguu wala mzigo juu ya dashibodi.

Kwa nini gari lililotumika lina hatari ya pekee?

Magari mengi tunayopanda yalianza maisha yake Japani. Yakatumika huko kwa miaka, yakauzwa, yakapakiwa melini hadi bandari ya Dar es Salaam, yakaendeshwa kuvuka Tanzania hadi Kabanga, kisha yakaingia Burundi kwa mpaka wa Kobero, hapo hapo Muyinga. Mnunuzi wa Gitega anaweza kuwa mtu wa nne au wa tano kulimiliki gari. Katika safari hiyo ndefu, mambo matatu yanaweza kuwa yametokea.

La kwanza, gari lilipata ajali likatengenezwa. Mfuko wa hewa hutumika mara moja tu. Ukishatoka, ni lazima uwekwe mwingine mpya, na vifaa vyake ni ghali. Baadhi ya wauzaji huamua kuziba. Hununua kifuniko kipya cha usukani, ndani hawaweki kitu, kisha huichezea taa ya dashibodi ili isiseme ukweli. Mkanda nao una kifaa kinachoukaza ghafla wakati wa ajali, na chenyewe hufanya kazi mara moja tu.

La pili, gari lilizama majini. Maji ya mafuriko huharibu nyaya na vihisi taratibu. Gari linaweza kutembea vizuri kwa mwaka mzima huku mifuko ya hewa ikiwa imekufa.

La tatu, vifaa vimezeeka, au vilikuwa na kasoro tangu kiwandani. Mfano mkubwa ni wa kampuni ya Japani iitwayo Takata. Katika mamilioni ya mifuko yake ya hewa ilitumia kemikali ya ammonium nitrate, ambayo hutumika pia katika mbolea na katika kupasua miamba. Baada ya miaka ya joto na unyevunyevu, kemikali hiyo huharibika na kuwaka kwa nguvu kupita kiasi. Kopo la chuma linaloishikilia hupasuka, na vipande vyake huruka kama risasi kumwelekea yule yule ambaye mfuko ulipaswa kumwokoa. Duniani kote zaidi ya watu 30 wamekufa kwa sababu hiyo. Vifaa zaidi ya milioni 100 viliitwa virudishwe ili vibadilishwe, vikiwa ndani ya magari ya kampuni nyingi, zikiwemo Toyota, Honda, Nissan, Mazda, BMW na Ford. Takata yenyewe ilitangaza kufilisika Juni 2017.

Kampuni hiyo hiyo ilikuwa imeshakumbwa na tatizo la mikanda. Mwaka 1995 nchini Marekani, magari zaidi ya milioni 8 yaliitwa kwa sababu plastiki ya vifungio vya mikanda yake iliharibika, vipande vikaingia ndani, na kifungio kikashindwa kushika au kikajifungua chenyewe.

Haya yanatuhusu kwa sababu moja rahisi. Gari linapoitwa kurudishwa, barua hutumwa kwa mwenye gari anayejulikana. Gari lililouzwa nje ya Japani likafika Muyinga halijulikani tena liko kwa nani. Barua haitakufikia. Ni wewe utakayeuliza.

Mimi ni abiria tu. Nikague nini?

Huna haja ya kuwa fundi. Kabla ya kupanda, au mara tu unapoketi, fanya haya:

1. Tafuta mkanda na kifungio chake. Kama kimefunikwa na kitambaa cha kiti, mwombe dereva akitoe.
2. Vuta mkanda kwa ghafla. Unatakiwa ukatae, ukwame. Ukivutika wote kama kamba, hautakushika.
3. Chomeka. Usikie mlio wa “tak”. Kisha uvute kwa nguvu, usifunguke.
4. Sehemu ya chini ipite juu ya mifupa ya nyonga, si juu ya tumbo. Sehemu ya juu ipite katikati ya bega na kifua, isipite chini ya kwapa wala nyuma ya mgongo.
5. Nyosha mkanda uliojikunja. Mkanda uliosokotwa hukata mwili.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua kiti chenye mkanda unaofanya kazi hata kama si cha mbele. Kumbuka pia kwamba magari mengi ya Japani yana usukani upande wa kulia, na sisi Burundi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Maana yake, abiria wa mbele anaketi upande wa katikati ya barabara, ule ambao magari mengine yanakuja. Kiti tunachokiita cha heshima si lazima kiwe cha usalama.

Wawili wakibanana kwenye kiti kimoja cha mbele, hakuna anayelindwa. Mkanda mmoja ukizungushwa juu ya watu wawili, miili yao hugongana wakati wa ajali. Gari lililotengenezwa kwa watu watano lina mikanda ya watu watano.

Unaweza kusema: “Mimi ni mkimbizi, nitamwambiaje shofa?” Au: “Nitaonekana mjuaji.” Sema kwa heshima, sauti ya kawaida: “Shofa, samahani, nisaidie kutoa kifungio cha mkanda.” Mara nyingi dereva atakitoa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwomba. Na ukiwa nyuma, usidhani mkanda haukuhusu. Abiria wa nyuma asiyejifunga hurushwa juu ya aliye mbele yake na anaweza kumwua. Hali ni hiyo hiyo kwa magunia ya mchele au viazi yaliyopangwa nyuma bila kufungwa kamba.

Nasafiri na mtoto, au ni mjamzito. Nifanyeje?

Kinamama wengi hupewa kiti cha mbele kwa huruma, “ili mtoto apate hewa”. Ni huruma inayoweza kumpoteza mtoto. Mtoto wa kilo 10, gari likigonga kwa kilomita 50 kwa saa, husukumwa mbele kama mzigo wa karibu kilo 300. Hakuna mama anayeweza kumshika. Na akiwa mbele, mfuko wa hewa ukitoka humpiga yeye kwanza, ukimbana kati yake na kifua cha mama.

- Mtoto aketi nyuma, kila safari.
- Kinga bora ya mtoto mchanga ni kiti chake maalumu kilichofungwa kiti cha nyuma. Usiweke kamwe kiti cha mtoto kinachotazama nyuma mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.
- Kama huna kiti hicho, mama aketi nyuma, ajifunge mkanda kwanza yeye peke yake, kisha ampakate mtoto nje ya mkanda. Hii haimlindi mtoto kama kiti chake kingemlinda, lakini inamwepusha na jambo baya zaidi: kufungwa pamoja na mama ndani ya mkanda mmoja. Hapo uzito wote wa mama humponda mtoto.
- Usimbebe mtoto mgongoni ukiwa ndani ya gari. Ukirudishwa kwenye kiti kwa nguvu, atabanwa na mwili wako.
- Mtoto mkubwa anayeketi mwenyewe apewe kiti chake na mkanda wake, huko huko nyuma. Sehemu ya chini ishuke kwenye nyonga.
- Mjamzito afunge mkanda. Sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, juu ya nyonga. Sehemu ya juu ipite kati ya maziwa na kando ya tumbo. Mkanda uliovaliwa hivyo unamlinda mama, na kumlinda mama ndiko kumlinda mtoto aliye tumboni.

Nataka kununua gari. Nianzie wapi?

Watu wengi wanaonunua gari la biashara wamechanga: ndugu wawili watatu, kikundi cha akiba, au familia iliyouza ng’ombe. Muuzaji atakufungulia boneti, atawasha injini, atakuonyesha rangi. Mwache amalize. Kisha fanya ukaguzi wako mwenyewe.

Taa ya SRS. Zungusha ufunguo bila kuwasha injini. Kwenye dashibodi iwake taa nyekundu au ya njano yenye maandishi SRS au picha ya mtu na duara mbele yake. Iwake kwa sekunde chache, kisha izimike. Ikiendelea kuwaka au kumetameta, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, tia shaka zaidi: huenda imetolewa au kuzibwa. Ikizimika pamoja na taa nyingine, kwa mfano ya betri, huenda imeunganishwa nayo ili ikudanganye. Bonyeza pia honi. Honi isipolia na taa ya SRS ikawa inawaka, mara nyingi ni utepe wa nyaya ulio ndani ya usukani umekatika, na mfuko wa dereva hautapata ishara.

Kifuniko cha usukani na dashibodi. Tafuta gundi, ufa, rangi isiyolingana, au kifuniko kinachocheza. Usukani wa duka la mapambo hauna mfuko ndani yake.

Mikanda yote, si ya mbele tu. Vuta kila mkanda mpaka mwisho. Angalia kingo zilizochanika na mshono ulioshonwa upya. Ukikuta tope kavu, ukungu au alama ya maji kwenye sehemu ambayo kwa kawaida imejificha ndani, gari hilo limekaa majini. Mkanda uliokwama nusu, usiorudi wala kutoka, huenda ulikaza siku ya ajali. Soma kibandiko kilichoshonwa karibu na mwisho wa mkanda. Mara nyingi kina tarehe ya kutengenezwa. Mkanda wenye tarehe iliyo mbali sana na mwaka wa gari umetoka kwenye gari jingine.

Sakafu. Mkanda ni imara kama bolti iliyoushika. Kutu ikishakula chuma pale ulipofungwa, mkanda mpya hausaidii.

Namba ya chesisi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba ya herufi na tarakimu 17. Yana namba fupi inayoanza na alama ya aina ya gari, kisha kistari, kisha tarakimu. Kwa Probox nyingi huanza na NCP. Kwa hiyo tovuti za Marekani hazitaitambua. Tumia ukurasa wa ukaguzi wa tovuti ya Kijapani ya kampuni iliyotengeneza gari. Toyota na Honda wanao. Kijana anayejua kutumia tafsiri ya simu anaweza kukusaidia. Hakikisha namba ya chesisi ni ileile iliyoandikwa kwenye karte roze.

Usiridhike na neno “limepita kontroli tekniki”. Kontroli inayofanywa na OTRACO ina kazi yake, lakini cheti kinasema hali ya gari siku lilipokaguliwa. Hakikufungulii usukani ukaona kilichomo ndani. Nenda na fundi wako mwenyewe, si yule anayeletwa na muuzaji, na msilipe kabla hajamaliza. Mkiona kasoro, iandikeni kwenye mkataba na mpunguze bei, au mwondoke. Gari jingine litapatikana.

Tayari nina gari na pesa hazitoshi. Nitengeneze nini kwanza?

Swali hili ni la kweli, na halihitaji aibu. Fuata mpangilio huu.

Kwanza, fufua mikanda iliyopo. Toa vifungio chini ya vitambaa, toboa kitambaa pale panapohitajika. Kazi hiyo haigharimu kitu, na inaweza kuokoa maisha kuliko kifaa chochote utakachonunua baadaye. Toa pia vile vibanio vinavyochomekwa kwenye kifungio ili kunyamazisha kengele.

Pili, badilisha mikanda iliyochanika au isiyokwama. Ukinunua iliyotumika, usichukue ya gari lililogonga. Ulimi wa chuma wenye mikwaruzo mipya na utepe uliovutika na kuwa kama mawimbi ni dalili kwamba ulishabeba uzito wa mtu siku ya ajali. Na usikubali mkanda ushonwe kwa uzi wa fundi viatu au nguo.

Tatu, ondoa kila kitu juu ya kifuniko cha mfuko wa hewa: sanamu, vitambaa, saa, kishikio cha simu. Mfuko ukitoka, vitu hivyo hurushwa usoni.

Nne, kama mfuko wa hewa haupo au haufanyi kazi, usinunue wa bei rahisi usiojulikana ulikotoka, na usizibe taa. Acha taa iseme kweli, ili wewe na fundi mjue hali ya gari. Gari lenye mikanda mizima bila mfuko wa hewa ni salama kuliko gari lenye mfuko wa kubahatisha bila mikanda.

Tano, kama ukaguzi wa chesisi unaonyesha gari lako limeitwa kurudishwa, mwulize wakala rasmi wa kampuni hiyo kama anaweza kubadilisha kifaa. Kwa kawaida gharama ya kasoro ya kiwandani hubebwa na mtengenezaji. Wakati unasubiri, abiria aketi nyuma.

Kwa mafundi na vijana wanaokusanya vyuma chakavu

Kifaa cha kujaza mfuko wa hewa ni baruti ndogo. Usikipige nyundo, usikichome moto, usikipime kwa betri, wala usiwape watoto wakichezee. Kabla ya kugusa usukani au nyaya za mfumo huo, ambazo mara nyingi zina rangi ya njano, zima gari, toa waya hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa, kwa sababu mfumo huhifadhi umeme hata baada ya betri kutolewa. Kama hujafundishwa kazi hiyo, mwambie mteja ukweli. Fundi anayesema “hili silijui” anajenga jina lake.

Nikikuta ajali barabarani?

Kwenye barabara zetu, wa kwanza kufika huwa ni wanavijiji. Zima ufunguo wa gari kwanza. Mfuko ambao haujatoka unaweza bado kutoka, kwa hiyo usiweke kichwa wala kifua chako kati ya majeruhi na usukani au dashibodi. Moshi mweupe na vumbi vinavyotoka kwenye mfuko mara nyingi si moto. Kama mkanda umekwama, ukate, ukimshika majeruhi asianguke. Usimvute kwa shingo au mikono isipokuwa kama gari linawaka au hatari nyingine iko karibu.

Mwisho wa safari yangu

Dereva wangu wa Gitega alisimama kabla ya Karusi kushusha abiria. Nilimwomba wembe. Alinitazama, kisha akachukua yeye mwenyewe kisu kidogo, akakata mshono wa kitambaa kwa uangalifu ili asikiharibu, akatoa kifungio. Kilikuwa kizima kabisa, hata vumbi hakikuwa nalo. Alipomaliza upande wangu, mama mmoja aliyekuwa nyuma na mtoto alimwambia: “Na huku, mwanangu.”

Akafungua mlango wa nyuma, akaendelea kukata.